Dada Staa, Printi Sio Aibu, Aibu Ni Kuiita Orijino!

Wadau, juzi kati dada yetu mmoja wa Bongo Muvi (jina kapuni) katupia picha ya sebule yake mpya. Juu ya sofa kuna bonge la fremu: miduara, mistari na pembetatu, hakuna mtu wala nyumba. Kaandika "orijino kutoka Ulaya". Basi povu likaanza! Wengine eti hata mtoto wa chekechea anachora vile, wengine wanataka bei.

Kiukweli naona wanamponda pasipostahili. Mchoro ule unajulikana, ni wa Kandinsky, Mrusi aliyeuchora 1923 akifundisha sanaa Ujerumani. Orijino ina upana wa mita mbili hivi, na ipo makumbusho ya Guggenheim, New York. Kwa hiyo ya sebuleni ni printi, nakala ya kuchapwa.

Na printi sio aibu jamani! Hata wimbo ulio kwenye simu yako ni nakala, nani anakucheka? Printi nzuri, karatasi ya pamba na wino usiopauka haraka, inapendeza na ni hela ya kueleweka. Tatizo ni lile neno "orijino". Kesho shabiki wako ataingia dukani auziwe nakala kwa bei ya orijino, kisa wewe ulisema.

Ukitaka kununua, uliza: kachora nani? Zimechapwa ngapi? Printi za toleo maalumu huwa na namba, mfano 7/50, yaani ya saba kati ya hamsini, na mara nyingi saini ya msanii kwa penseli. Kama haina, ni pambo la ukuta, lipia bei ya pambo. Na usiitundike panapopigwa jua.

Halafu nyie mnaosema michoro isiyo na sura ni mambo ya wazungu, nendeni Mwenge kwenye vinyago. Wamakonde wana mtindo wao unaitwa mawingu, mpingo umejipinda tu, huoni jicho wala mkono. Hiyo nayo ya Ulaya?

Sasa hapa ndipo panaponiuma. Kandinsky alifariki 1944, hela yako haimfikii. Ila pale Nafasi Art Space, Mikocheni, kuna wachoraji wanaotafuta kodi ya mwezi huu. Printi aliyoisaini mchoraji wa hapa inamlipa, na staa akitaja jina lake tu, kamuuzia nyingine kumi. Nyie watu wa filamu mlilia sana kazi zenu zikidurufiwa mtaani bila kulipwa. Uchungu wa nakala mnaujua kuliko sisi!

Dada yetu, fremu iache hapohapo, imependeza mno. Futa neno moja tu.

Wadau, mnasemaje?