Tuacheni Tupime Dumu Letu

Nyuma ya hosteli yetu kuna dumu la njano la mafuta ya kula. Limekaa juani tangu tukiwa mwaka wa kwanza. Ukilipapasa, vidole vinatoka na unga kama wa chaki. Likwangue kidogo: chini ya unga, njano yake ni ileile. Sasa kilichozeeka ni kipi?

Wanakemia wenzangu, jibu tulifundishwa. Dumu ni polithini, minyororo mirefu ya kaboni na hidrojeni. Bondi zake hazitulii. Zinatetema kama nyuzi za gitaa, kila aina kwa mdundo wake. Mwanga wa infraredi ukilingana na mdundo huo unamezwa, na mashine inachora kilele. Polithini mpya inatoa vilele viwili vikali karibu na 2,915 na 2,848 kwa sentimita. Iliyochomwa na jua inaongeza kingine karibu na 1,715. Hapo oksijeni imeshaingia na kushikana na kaboni.

Utamu wenyewe uko hapa: kipande unakikandamiza tu juu ya almasi ndogo ya mashine, na mwanga unapenya mikromita moja au mbili hivi. Unasoma uso peke yake. Pima juu, kwangua, pima tena. Kilele cha 1,715 kikipungua, umejua uzee umeishia wapi.

Lakini tuseme ukweli, wengi wetu hiyo 1,715 tunaijua kwa desa. Mashine tulionyeshwa mara moja, watu thelathini tumejazana mlangoni, fundi akabonyeza, tukagawiwa grafu ileile waliyopewa kaka na dada zetu mwaka jana. UE ikija tunamwaga, tukitoka tunasahau.

Najua utetezi wake. Mashine ni ghali, unyevu unaiharibu, kipuri kinaagizwa mbali. Ni kweli, na fundi asiondoke chumbani. Ila kipimo chenyewe hakihitaji kusaga wala kuyeyusha kitu, na kinachukua dakika chache. Thelathini ni makundi sita ya watano. Kila kundi nusu saa, jumla saa tatu. Mchana mmoja tu kwa muhula!

Na hili si la kufaulu mtihani tu. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tarehe 1 Juni 2019, lakini ndoo, madumu na mabeseni bado tunayo, na ule unga wa vidoleni ni plastiki inayokwenda na mvua. Kiwandani nako, wino haushiki vizuri kwenye polithini mpaka uso wake upitishwe kwenye moto au cheche za umeme ili upate oksijeni. Yaani kile kinacholiua dumu letu, kwa kipimo sahihi, ndicho kinachoshikisha wino. Anayejua kukipima hicho kipimo ana kazi. Aliyekariri namba ana cheti.

Ombi langu kwa idara ni dogo: zoezi lijalo, msitugawie grafu. Kila kundi lije na plastiki yake, ichoke isichoke, na likitoka liseme limeona nini. Grafu zetu zitakuwa na makosa, sawa. Angalau zitakuwa zetu.

Dumu la nyuma ya hosteli, kundi letu tumeshaliwahi.