Gereza si Dawa ya Kukata Tamaa

Kujiua ni jambo ambalo wengi wetu tumezoea kulinong'ona. Anayekufa kifo hicho huzikwa kwa haraka, na jina lake halitajwi tena mbele ya watoto. Lakini jambo lililotungiwa sheria haliwezi kuwa siri ya ukoo. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania chasema kwamba mtu ajaribuye kujiua ametenda kosa. Basi aliyeponea chupuchupu aweza kutoka mikononi mwa tabibu akaingia mikononi mwa askari.

Wapo wasemao kwamba kifungu hiki kinalinda mila zetu. Dai hilo halina mizizi. Ni kweli wazee wetu walikichukia kifo hiki, na katika jamii kadhaa mahali pa msiba palitakaswa kwa matambiko. Lakini gereza halikuwemo katika mila hizo. Lililetwa na mkoloni pamoja na sheria yake. Naye Mwingereza aliifuta kwao mwezi Agosti 1961, miezi minne tu kabla ya Uhuru wa Tanganyika. Mwenye nguo keshaivua na kuitupa, nasi tungali tumeivaa, tukiiita vazi la babu zetu! Ghana imeivua mwaka 2023. Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kwamba kifungu kama hicho katika sheria za nchi hiyo kinapingana na Katiba.

Yasemwa pia kwamba adhabu hutisha. Humtisha nani? Aliyekwisha kukata tamaa ya uhai haogopi kifungo. Anayeogopa ni mama yake, ambaye humweleza daktari kwamba mwanawe alipata ajali. Daktari hutibu jeraha, na huzuni hurudi nyumbani na mgonjwa. Zaidi ya watu 700,000 hujiua duniani kila mwaka, na kwa vijana wa miaka 15 hadi 29 kifo hiki ni miongoni mwa sababu kubwa za vifo. Walimu wasomao kurasa hizi wanawajua wanafunzi wasemao, “Heri nisingezaliwa.” Mwanafunzi huyo hastahili viboko wala kuchekwa, astahili kusikilizwa siku hiyo hiyo, na kupelekwa hospitali.

Tutaulizwa: je, tufute na kifungu cha 216, kinachomwadhibu amsaidiaye mwenzake kujiua? La hasha. Najua kwamba Uholanzi, tangu 2002, sheria inamruhusu daktari, kwa masharti, kukatisha uhai wa mgonjwa ateswaye na maumivu yasiyovumilika. Vijana na waujadili mfano huo madarasani bila woga. Ila wakumbuke kwamba Mholanzi huchagua akiwa na tabibu na dawa karibu. Mgonjwa wa saratani kijijini, asiye na cha kutuliza maumivu, anaposema anataka kufa, hajachagua kitu: analilia dawa. Uganda wanayo mofini ya maji, ambayo mgonjwa huinywa nyumbani kwake, na tangu 2004 wauguzi waliofunzwa wameruhusiwa kumwandikia. Dawa hiyo na ifike kwanza katika kila zahanati yetu, ndipo tuketi kuhojiana juu ya haki ya kufa. Kifungu cha 217 hakina haja ya kungoja mjadala huo. Bunge laweza kukifuta kwa sentensi moja.