Kozi ya Intaneti Vyuoni Si Anasa: Jibu kwa Wanaoibeza Kitui na Makueni

Msimu wa kuchagua kozi ukifika, wazazi wa Kitui na Makueni huketi na watoto wao wakapiga hesabu ya karo, na somo linalotiliwa shaka mapema ni lile la utangulizi wa intaneti na uandishi wa kurasa za wavuti. Litamfaa nini anayesomea kilimo, ualimu au uhasibu? Swali hili huulizwa Kwa Vonza, kilipo Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya (SEKU), na huulizwa Wote na Mwingi pia. Silidharau. Hizi ni kaunti ambazo mvua ikikosekana, karo nayo hukosekana, na mzazi aliyeuza mbuzi ana haki ya kujua fedha zake zinanunua nini. Lakini sababu nyingi zinazotolewa dhidi ya kozi hii hazisimami zikichunguzwa. Nitazijibu moja baada ya nyingine.

Dai la kwanza: "Intaneti kila mtu anaijua, maana kila mtu ana simu."

Kila mtu anajua kuitumia. Kozi hii inafundisha inavyofanya kazi, na tofauti hiyo hujitokeza siku mambo yanapoharibika. Mwishoni mwa Julai 2023 jukwaa la eCitizen, ambalo serikali ilikuwa imelihamishia maelfu ya huduma zake, lilishambuliwa likawa halifunguki. Waliotaka pasipoti na leseni walikwama, na uvumi ukaenea kwamba taarifa za Wakenya zimeibwa zote. Serikali ilieleza kuwa washambuliaji walilisonga jukwaa kwa maombi mengi kupita kiasi, na kwamba data haikupotea. Mwanafunzi aliyemaliza wiki chache za kozi hii anajua kwamba kazi ya seva ni kupokea maombi na kuyajibu, na kwamba kuisonga hadi ishindwe kujibu ni jambo tofauti kabisa na kuvunja hifadhi na kuchota kilichomo. Anajua pia maswali ya kumuuliza afisa anayetoa maelezo. Raia wa namna hiyo hatishwi ovyo, wala hatulizwi ovyo.

Au tuchukue anwani kama seku.ac.ke. Ili ifunguke, husomwa kutoka nyuma kuja mbele: kwanza ke, kikoa cha Kenya kinachosimamiwa na KENIC, kisha ac, tawi la vyuo, mwisho seku, chuo chenyewe. Jina likishageuzwa kuwa namba ya seva, ukurasa huletwa ukiwa umekatwa vipande vidogo vidogo, ambavyo huungwa tena kwenye simu ya msomaji. Njia vinayopitia vipande hivyo ina historia yake hapa nchini. Zamani barua pepe kutoka kwa mteja wa kampuni moja ya intaneti jijini Nairobi kwenda kwa mteja wa kampuni nyingine jijini humo humo ilirushwa kwa setilaiti hadi ng'ambo, kisha ikarudi, na gharama ikalipwa kwa dola. Kituo cha KIXP kilifunguliwa Novemba 2000 ili kampuni zipokezane data papa hapa. Telkom Kenya, iliyokuwa na haki ya ukiritimba, ikalalamika, na mdhibiti akakifunga baada ya muda mfupi. Kilifunguliwa tena Februari 2002. Waliokipigania waliweza kujibu hoja za ukiritimba kwa sababu waliijua njia ya vipande hivyo hatua kwa hatua. Asiyeijua hulipa anachoambiwa alipe.

Dai la pili: "Bila kompyuta ya bei ghali na intaneti ya kasi, hakuna cha kujifunza."

Kurasa za wavuti huandikwa kwa lugha iitwayo HTML. Ukurasa wa HTML huandikwa kwa programu yoyote ya maandishi matupu, hata Notepad inayokuja na kompyuta, na hufunguliwa kwa kivinjari kutoka kwenye folda ulimouhifadhi. Hautumii bando hata chembe. Kompyuta kuukuu iliyostaafishwa na ofisi inatosha. Lugha yenyewe haina ada: Tim Berners-Lee aliipendekeza wavuti akiwa CERN, Uswisi, mwaka 1989, na tarehe 30 Aprili 1993 taasisi hiyo ikatangaza kwamba mtu yeyote anaweza kuitumia bila malipo. Kuhusu intaneti ya chuoni, mtandao wa KENET ulianzishwa mwaka 1999 kwa ajili ya vyuo na watafiti wa Kenya, ili gharama ibebwe kwa pamoja.

Nakubali jambo moja. Umeme unaokatika na mashine chache kwa darasa kubwa ni matatizo ya kweli, na mwanafunzi anayeketi nyuma ya wenzake wanne hajifunzi kitu. Hiyo ni sababu ya kudai maabara ya kutosha. Haiwi sababu ya kulifuta somo.

Tena uhaba wa bando unaweza kumfanya mtoto wa Kathonzweni awe mwandishi bora wa kurasa kuliko yule aliyezoea intaneti ya bure. Tuseme anatengeneza ukurasa wa kikundi cha wakulima wa maembe. Picha iliyopigwa kwa simu inaweza kufika megabaiti 4. Akipanga picha kumi bila kuzipunguza, kila mnunuzi anayefungua ukurasa anatozwa megabaiti 40. Akizipunguza ziwe kilobaiti 100 kila moja, ukurasa mzima wa picha unashuka hadi megabaiti 1, na kwenye kioo cha simu macho hayaoni tofauti. Anayenunua bando la siku moja moja halazimiki kuelezwa umuhimu wa hesabu hii.

Dai la tatu: "Lugha ya programu ni Kiingereza, kwa hivyo mtoto wa Kyuso atabaki nyuma."

Alama za HTML ni vifupisho: p ni aya, h1 ni kichwa kikuu, img ni picha, a ni kiungo, ul ni orodha. Katika muhula wa kwanza mwanafunzi anaweza kufanya kazi yote kwa alama ishirini hivi, ambazo mkono huzizoea haraka. Kinachoandikwa kati ya alama hizo kinaweza kuwa cha lugha yoyote, na hapa ndipo kozi hii inapowahusu Kitui na Makueni kuliko wengi wanavyodhani.

Kikamba kina herufi ĩ na ũ, ambazo Kiingereza hakina. Mwanafunzi anaandika jina la kaunti yake inavyostahili, Kĩtui, anahifadhi, anafungua kivinjari, na anachoona ni KÄ©tui. Neno mũndũ limekuwa mÅ©ndÅ©. Anadhani ameharibu kompyuta. Ukweli ni kwamba ĩ huhifadhiwa kwa baiti mbili, na kivinjari ambacho hakikuambiwa mfumo wa herufi uliotumika kimezisoma baiti hizo kana kwamba ni herufi mbili tofauti. Dawa yake ni mstari mmoja juu ya ukurasa:

<meta charset="utf-8">

Akiongeza lang="sw" kwa ukurasa wa Kiswahili, au lang="kam" kwa wa Kikamba, programu inayowasomea vipofu kwa sauti inajua maneno hayo ni ya lugha gani, na inaacha kuyatamka kana kwamba ni Kiingereza. Mistari hii ni mifupi, lakini lazima pawe na mtu wa kuiandika. Mtu wa mbali asiyejua kwamba ĩ ina kazi katika neno hataona hata kwamba pana kasoro. Lugha yetu itaonekana wima mtandaoni siku wenye lugha watakapokuwa ndio waandishi wa kurasa.

Dai la nne: "Siku hizi akili unde inaandika tovuti nzima. Ya nini kujifunza?"

Ni kweli inaandika. Tangu ChatGPT ilipotolewa Novemba 2022, mtu anaweza kuomba ukurasa kwa sentensi moja akapewa. Swali ni nani atakayeukagua.

Mfano wa kwanza. Picha imehifadhiwa kwa jina Maembe.JPG, nao ukurasa unaita maembe.jpg. Kwenye laptopu ya Windows picha inaonekana vizuri, maana Windows haibagui herufi kubwa na ndogo katika majina ya faili. Ukurasa ukipelekwa kwenye seva ya Linux, ambayo hubagua, picha inatoweka na mahali pake panabaki alama ya kitu kilichovunjika. Aliyesoma kozi hii huliona kosa hilo kwa kutazama mara moja. Asiyeisoma atauliza mashine usiku kucha, nayo itamwandikia ukurasa mwingine safi wenye tatizo lile lile, kwa kuwa haijui faili iliyoko kwenye folda yake inaitwaje.

Mfano wa pili ni mzito zaidi. Chama cha akiba kinataka fomu ya wanachama kuingia kwa nywila. Fomu ikitumwa kwa njia ya GET, nywila huandikwa waziwazi kwenye anwani, baada ya alama ya kuuliza, na hubaki katika kumbukumbu za kivinjari. Kwenye kompyuta ya saiba ya Mutomo, mteja anayefuata anaweza kuisoma. Fomu za namna hiyo hutumwa kwa POST, ambayo haiweki nywila kwenye anwani, kupitia HTTPS, inayoficha mawasiliano yakiwa njiani. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inamwekea jukumu anayekusanya taarifa za watu, na mbele ya sheria hiyo mwenye tovuti hawezi kujitetea kwamba ukurasa uliandikwa na mashine. Akili unde inamfaa anayeweza kusoma ilichoandika, na kozi ya utangulizi ndiyo inayomfundisha kusoma.

Dai la tano: "Ni kozi ya wavulana."

Jibu ni fupi. Ushahidi, jukwaa lililokusanya taarifa za ghasia za baada ya uchaguzi mwanzoni mwa 2008 na baadaye likatumika katika tetemeko la Haiti la 2010, lilitokana na wito wa Ory Okolloh, na Juliana Rotich ni mmoja wa waanzilishi wake. Wote wawili ni wanawake, na ni Wakenya. Anayemzuia binti yake atafute sababu nyingine, au amwachilie asome.

Dai la sita: "Hata akijua, kazi ziko Nairobi tu."

Jukwaa hilo hilo la Ushahidi lina jibu. David Kobia aliandika programu yake akiwa Marekani, huku wenzake wakiwa kwingine. Kurasa za wavuti ni kazi inayoweza kufanywa popote penye umeme na mawasiliano.

Wengine hunyoosha kidole kuelekea Konza, jiji la teknolojia lililozinduliwa Januari 2013 kwenye ekari 5,000 eneo la Malili, ndani ya Makueni. Konza imeenda polepole kuliko ilivyoahidiwa, na sitamwambia mzazi auze shamba kwa kuitegemea. Hata hivyo kituo cha taifa cha data kiko huko, na Chuo Kikuu Huria cha Kenya, kilichopewa hati Agosti 2023 na kinachofundisha kwa njia ya mtandao, kina makao yake huko. Mtoto wa Makueni asipojua hata seva ni nini, atakaa jirani na majengo hayo kama mlinzi wa lango.

Lakini kazi iliyo karibu zaidi haiko Konza. Iko katika shule ya upili ambayo namba yake ya simu haipatikani popote mtandaoni, katika kikundi cha wasukaji wa viondo kinachouza kupitia madalali kwa kuwa hakina pa kuonyesha bidhaa, katika zahanati ambayo watu hutembea kilomita nyingi kwenda kuuliza kama kliniki ipo leo. Kozi moja haimhakikishii mtu mshahara, na anayedai hivyo anadanganya. Inampa mwalimu, mhasibu au afisa wa kilimo uwezo wa kutatua shida hizo akiwa papo hapo kazini kwake.

Dai la saba: "Ni somo la kukariri. Ukipita mtihani, limeisha."

Dai hili linanisikitisha kuliko yote, kwa sababu mahali pengine limefanywa kuwa kweli. Alama za HTML zinapoandikwa ubaoni, zikanakiliwa daftarini, kisha zikaulizwa kwenye karatasi, mwanafunzi anamaliza muhula hajawahi kuona ukurasa wake ukifunguka. Hajawahi kukutana na KÄ©tui, wala picha iliyotoweka, na kwa hiyo hajajifunza kutafuta kosa, ambayo ndiyo nusu ya kazi hii. Mzazi akilalamika kwamba fedha zake zimepotea, kwa kozi ya namna hiyo ana haki.

Basi lawama ielekezwe inakostahili. Kabla ya kulipa, mzazi na mwanafunzi wakiulize chuo mambo matatu: kila mwanafunzi atakaa mbele ya mashine saa ngapi kwa wiki? Muhula ukiisha, atakuwa na ukurasa aliouandika mwenyewe, unaofunguka kwa simu ya mtu mwingine? Nani ataukagua mstari kwa mstari na kumwonyesha makosa yake? Chuo chenye majibu ya kueleweka kinastahili karo hiyo. Kisicho nayo kidaiwe maabara na walimu, na wadai wawe wazazi, wanafunzi na serikali za kaunti zote mbili kwa pamoja, maana somo lenyewe halina kosa.