Kwa mia ya nini?

Sisi tunaoishi kwa mawe, neno "kwa mia" tunalisikia kila siku. Kwenye depo wanatuambia: "Mawe yenu iko na mbili kwa mia." Wakati wa mvua wanaongeza: "Tunatosha munane kwa mia juu ya maji." Tunaitika, tunapokea feza, tunarudi nyumbani. Lakini nyumbani kuko mutoto wa sekondari, na hesabu ile ile iko ndani ya daftari yake. Kwa nini hatumuoneshe bordero?

Tuchukue mfano. Tunaleta kilo 500 za mawe ya kobalti. Kilo 500 zote ni mia kwa mia. Basi moja kwa mia ni 500 kugawa na 100, ni kilo 5. Mwenye kujua hii moja, amejua zote. Maji ni 8 kwa mia: 5 mara 8, ni kilo 40. Inabakia kilo 460 za mawe makavu. Sasa tenere, maana yake kiasi cha madini ndani ya mawe, tunaihesabu juu ya zile 460. Moja kwa mia yake ni kilo 4,6. Kama tenere ni 3, kobalti ni kilo 13,8. Kama mashini imeandika 2, ni kilo 9,2.

Hapa njo wengi wanapotea. Wanasema: "Toka tatu mpaka mbili ni moja tu, tusigombane juu ya kitu kidogo." Ile moja ni kilo 4,6 kati ya 13,8, maana yake sehemu moja kati ya tatu. Kama tuko wachimbaji watatu, ni sawa mumoja wetu alishuka ndani ya shimo bure.

Hata feza za redevansi ziko vile. Kufuatana na sheria ya madini ya 2018, na kobalti ikiisha kuhesabiwa kati ya madini stratejiki, kampuni inalipa 10 kwa mia ya thamani yake. Ndani ya redevansi hiyo, 15 kwa mia inaendea komine, sekteri ao sheferi yenye kuwa na mine. Kobalti ikiuzwa dolari 1.000.000, redevansi ni 100.000, na 15 kwa mia yake ni 15.000. Mwenye kudai 150.000, wakubwa watamucheka na kumurudisha. Mwenye kudai 15.000 anaweza kuuliza bila woga: zilijenga masomo gani, zilichimba kisima wapi?

Tunajua hesabu haiwezi kusahihisha mizani ya uongo, wala mashini mubaya. Lakini inatuonesha mahali pa kuuliza, na inatupa sababu ya kupeleka mawe kwa munegosianti mwingine mbele ya kuuza.

Kwa hiyo tunaomba vitu vitatu. Wanunuzi waandike kwenye bordero kilo, maji na tenere, kila kimoja peke yake, siyo feza ya mwisho tu. Walimu wa hapa kwetu waweke gunia, maji na tenere ndani ya mazoezi ya watoto. Hawatasahau hesabu yenye kuleta bukari nyumbani. Na sisi wazazi, jioni tumupe mutoto bordero, binti sawa na kijana, aihesabu mbele yetu.

Kuko wale wanaomutosha mutoto ku masomo ili aje kuosha mawe, juu ya kuongeza feza kidogo. Tunajua njaa inasukuma. Lakini tufanye ile hesabu pia: mikono yake itaongeza gunia ngapi kwa juma, na tenere moja inayopotea bila mutu wa kuiona inatunyanganya gunia ngapi?