Baiskeli Ikirudi na Tope

Masika yameingia, na vijana wetu wenye baiskeli za milimani, hizi za gia nyingi na tairi nene zenye meno, hurudi jioni kutoka njia za Kwale, pembezoni mwa Shimba Hills, wakiwa wamepakwa udongo mwekundu tangu kisiginoni hadi utosini. Baiskeli huegemezwa uani, mama akalalamikia ukuta wake, mpandaji akaenda kulala. Asubuhi lile tope limekwisha kuwa tofali.

Udongo ule si sawa na mchanga wetu wa ufukweni. Mchanga ukikauka hupukutika. Udongo mwekundu hung'ang'ania kama ulivyokandikwa. Ukiusugua mkavu, chembe zake hukwaruza rangi, na penye rangi iliyotoka chuma hubaki uchi mbele ya hewa ya bahari. Basi baiskeli na ioshwe jioni ile ile, tope likingali bichi. Ikiwa limekwisha kauka, lifunikwe kwanza kwa tambara lililolowa, kwa robo saa hivi, ndipo brashi ipite.

Sasa tuje kwenye maji. Nyumba nyingi za Mombasa hununua maji matamu kwa mitungi, na yaliyo karibu ni ya kisima, ambayo aghalabu yana chumvi. Mtu hudhani maji ni maji. Ya chumvi huondoa tope, kisha yakaacha chumvi katika viungo vya mnyororo na vichwa vya skrubu, nayo chumvi huharakisha kutu. Shauri langu ni kwamba maji ya kisima yaangushe tope la kwanza, na maji matamu yawe ya kusuuzia. Ndoo moja ya lita 20 yatosha kwa mwenye kopo na sponji. Sisi tunaokatazwa israfu hata katika udhu hatuna udhuru wa kuufungulia mpira nusu saa kwa ajili ya baiskeli.

Wapo wanaoipeleka panapooshwa magari, ikapigwa kwa mashine ya maji ya nguvu. Hung'aa kwa dakika tano, ni kweli. Lakini baiskeli huzunguka juu ya gololi zilizolazwa ndani ya grisi, katika vitovu vya magurudumu, katika mhimili wa pedali na katika shingo ya usukani. Maji ya nguvu hupenya humo, yakaifukuza grisi na kukaa mahali pake. Baadaye gurudumu huanza kukoroma, na fundi akilifungua hukuta gololi zimeliwa na kutu. Ni uchafu gani huo usiotoka kwa kopo?

Anza juu, ushuke: kiti, usukani, fremu, kisha magurudumu. Sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, kidogo tu, yafaa. Brashi laini ni ya fremu, ngumu ni ya tairi, na mswaki mkuukuu ni wa pembe zisizofikiwa na vidole. Mnyororo uwe wa mwisho, tena uwe na brashi yake na tambara lake peke yake.

Hili la tambara naliweka mbele ya yote. Tambara lililofuta mnyororo lina mafuta. Likipita juu ya rimu, au juu ya ile sahani ya chuma inayobanwa na breki katika baiskeli za kisasa, breki haitashika. Mtoto hataligundua hilo uani. Ataligundua akishuka mteremko wa kuingilia feri pale Likoni, na watu wamejaa mbele yake. Sahani iliyoguswa na mafuta yafutwa kwa spiriti na kitambaa safi. Vile vipande vinavyoibana, vikiisha kunywa mafuta, vibadilishwe. Na kabla ya kutoka nyumbani breki zote mbili zijaribiwe.

Grisi kongwe ya mnyororo huyeyushwa kwa mafuta ya taa yaliyotiwa kidogo kwenye brashi. Hapa nasema na kina mama hasa. Mafuta hayo yasitiwe kamwe katika chupa ya soda au ya maji, wala yasiachwe uani kikoponi kazi ikiendelea. Mtoto mdogo mwenye kiu huona maji tu. Akiyanywa, msimtapishe, kwani yakirudi huingia mapafuni; mpelekeni hospitali papo hapo. Yaliyobaki yasimwagwe karibu na kisima wala karibu na jiko.

Mnyororo ukiisha kusuuzwa, ufutwe na uachwe ukauke kabisa, maana mafuta juu ya maji hayaingii popote. Kisha utie tone moja moja ndani ya kila kiungo, huku ukizungusha pedali kinyumenyume. Mafuta maalumu ya mnyororo ndiyo bora. Yakikosekana, ya cherehani yatasaidia, ingawa hayakawii kuisha. Mafuta ya kupikia hugeuka gundi, na oili chakavu ya gari ina chembe za chuma ndani yake. Subiri kidogo, kisha ufute yote yaliyo nje. Mnyororo unaong'aa kwa mafuta hupendeza macho, lakini kesho yake ufukweni utazoa mchanga, na mchanga uliochanganyika na mafuta husaga meno ya gia kama msasa.

Aliyeipanda ndiye aioshe, awe mvulana au msichana. Mtumishi wa nyumbani hahusiki. Mwenye kupitisha kidole kwenye spoki moja moja ndiye aijuaye iliyolegea, na ndiye atakayeona ufa mwembamba penye maungio ya fremu uliokuwa umefichwa na tope. Akiuona, baiskeli isipandwe tena mpaka fundi aitazame.