Baraza si Msimu wa Senene

Ndugu Wanachama wa Bukoba na Muleba,

Nimeshika kalamu si kwa kutafuta ugomvi na mtu, bali kwa kuwa jambo baya likinyamaziwa huwa desturi, na desturi ikikaa sana watu huidhani sheria. Jambo lenyewe ni Baraza la Wafanyakazi.

Katika ofisi moja ambayo sitaitaja, nalikuwa mjumbe wa Baraza. Tuliitwa siku moja tu kwa mwaka mzima. Makabrasha tulipewa asubuhi ile ile, kurasa nyingi za hesabu, na kabla ya saa sita tukaulizwa kama twakubali. Tukapiga makofi, tukanywa soda, tukatia sahihi ya posho. Tarishi mmoja alikuwa amenipa neno nilifikishe, ya kwamba yeye na wenziwe hufanya kazi siku za mapumziko bila malipo. Neno lile nilirudi nalo mfukoni. Aliponiuliza jioni sikuwa na jibu, na aibu ile ninayo hata leo.

Wako wasemao, "Baraza ni hisani ya mkubwa; ukipewa, shukuru." Hao nawapinga. Mwaka 1922 Bwana Martin Kayamba na makarani wenziwe walianzisha chama cha watumishi Waafrika wa Serikali kule Tanga. Mwaka 1924 hapa kwetu Bwana Klemens Kiiza na wenziwe wakaanzisha Umoja wa Bahaya wa Bukoba. Je, nani aliwapa hisani hiyo? Hawakungoja kuitwa. Walikutana, wakaandika, wakadai kusikiwa.

Ni kweli kwamba mwaka 1970 Waraka wa Rais uliagiza mabaraza ya wafanyakazi katika mashirika ya umma. Lilikuwa jambo jema, lakini lilikuwa na kasoro: wakuu walikaa humo wengi, na kazi ya Baraza ilikuwa kushauri tu. Baraza lenye kushauri tu, na mshauriwa ndiye mwenye kiti, ni ngoma ya mtu mmoja.

Leo tunayo Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Chama chenye wanachama walio wengi kazini chastahili kutambuliwa na mwajiri, na chama kilichotambuliwa chaweza kuandikiana naye mapatano ya kuweka baraza la kushirikisha wafanyakazi. Mwajiri akitaka kupunguza watu, imempasa kutoa habari na kushauriana kwanza. Wawakilishi wa chama pia wamehesabiwa: wanachama 1 hadi 9, mwakilishi mmoja, 10 hadi 20, watatu, 21 hadi 100, kumi, kupita 100, kumi na watano. Tazameni basi: pasipo chama hapana mapatano. Sheria imefungua mlango, lakini haimbebi mtu kumwingiza ndani.

Sasa nawageukia ninyi mlio makarani wa makampuni ambayo wenyewe wako Ulaya. Wadachi waliojenga boma Bukoba mwaka 1890, wakaondoka mwaka 1916, walipata kwao sheria ya mabaraza ya kazi mwaka 1920. Nao Umoja wa Ulaya uliweka amri mwaka 1994, ukaitengeneza upya mwaka 2009: kampuni yenye wafanyakazi 1,000 katika nchi zake, na wasiopungua 150 katika kila moja ya nchi mbili, yaweza kudaiwa baraza la kupashana habari na kushauriana. Lakini katika hao 1,000 mpanga magunia wa Kemondo hahesabiwi, wala karani wa Muleba. Faida ya jasho lake huvuka bahari. Jina lake halivuki. Je, hiyo ni haki?

Hata hivyo, msiwaonee wivu bila kujifunza kwao. Wakuu wa kampuni wasipoanza wenyewe, baraza hilo la Ulaya haliundwi mpaka wafanyakazi 100 wa nchi mbili, au wawakilishi wao, waombe kwa maandishi. Hata huko, anyamazaye hapati.

Naona twapaswa kudai mambo manne. Kwanza, makabrasha yatolewe siku 14 kabla ya kikao. Pili, wajumbe wachaguliwe kwa kura ya siri, na matarishi na madereva wawemo. Tatu, kila neno lililoletwa liandikiwe jibu, na jibu libandikwe ubaoni watu wasome. Nne, walio katika makampuni waingie chamani hata wawe wengi, wadai mapatano, na wawaandikie wafanyakazi wenzao wa kampuni hiyo hiyo kule Ulaya wawasemee panapo wakubwa wao.

Mtaniambia, "Karani ana kazi ya kalamu, mambo hayo ni ya vibarua." Ndugu zangu, kalamu ile ile ndiyo iandikayo barua ya kumwachisha kibarua kazi, na siku moja ndiyo itakayoandika ya kwako.

Sisi wa huku twawajua senene. Huja kwa msimu, huifuata taa, na mwisho wao ni kikaango. Mjumbe aitwaye kwa taa ya posho, mara moja kwa mwaka, asishangae akikaangwa. Mimi nimekwisha kumwomba radhi tarishi yule. Katika kikao kijacho neno lake nitalisema kwanza, kabla ya soda.

Ni mimi mwanachama mwenzenu,
Karani wa Bukoba