Aliyekuwa Akitoa Amefariki, Sasa Tutoe Sisi

Ndugu zangu wa Kilwa, Lindi na mwambao wetu wote,

Tumemzika rafiki yetu wa Somanga. Arobaini imepita, hitma imesomwa, kila mtu amerudi kwenye shughuli zake. Sasa tuulizane lile ambalo msiba haukutupa nafasi ya kuulizana: kazi alizokuwa akizifanya, leo anazifanya nani?

Wengine mlimjua kwa adhana yake ya alfajiri. Wengi zaidi tulimjua siku ya kufiwa. Nyumbani kwake, nyuma ya mlango, ulining'inia mfuko wa kitambaa wenye sanda, pamba, karafuu maiti na udi. Hata mlango wake ukigongwa usiku wa manane, mfiwa hakuhangaika kutafuta duka. Mfuko ukitumika, aliujaza tena kwa pesa yake ya samaki.

Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipotupiga na mvua ikaikata barabara ya Lindi na Dar es Salaam, abiria walikwama na watoto wao. Yeye alitoa masufuria ya msikitini, akaomba mchele kwa majirani na samaki kwa wavuvi, moto ukawashwa. Hakuna msafiri aliyeulizwa dini yake wala kabila lake. Tulipomsifu alitukatiza: riziki ile haikuwa yake, ilipita kwake tu. Aliamini hivyo kwa dhati, ndiyo maana mkono wake haukuwa mzito.

Kilwa imewahi kufiwa na mtoaji kabla yake. Mwaka 1331 msafiri Ibn Battuta alifika Kilwa Kisiwani, akamkuta Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyeitwa Abul Mawahib kwa wingi wa utoaji wake. Ibn Battuta anasimulia kwamba Ijumaa moja, sultani akitoka kuswali, fakiri kutoka Yemen alimsimamisha njiani akamwomba nguo alizovaa, tena palepale. Sultani alirudi msikitini, akaingia nyumba ya khatibu, akavaa nyingine, na zile akampa. Mali ya utawala ule ilikuwa na doa lake: sehemu ilitokana na uvamizi wa bara, na watu nao walitolewa kama zawadi. Hilo hatuliigi. Lakini sikilizeni yaliyofuata. Sultani alipofariki, nduguye Daud akakalia kiti. Mwombaji alipomwendea, alijibiwa kwamba aliyekuwa akitoa ameshakufa, wala hakuacha kitu cha kutolewa. Wageni walikaa miezi wakisubiri kidogo, hatimaye wakaacha kuja.

Mji uliokuwa na Husuni Kubwa na Msikiti Mkuu haukukosa mali. Ulikosa utaratibu wa kutoa usiomtegemea mtu mmoja. Na sisi tumo katika hatari hiyohiyo. Nimeshasikia watu wakisema, "Angekuwepo yule bwana, hili lisingetushinda." Maneno hayo yanatoka kwenye mapenzi, lakini tukiyazoea, jibu letu litakuwa lile la Daud.

Kwa hiyo nawaomba tufanye haya. Kila msikiti, kila kanisa, kila mtaa, kuanzia Somanga na Kivinje hadi Masoko, Lindi mjini na Mchinga, uwe na mfuko wa mazishi na dharura. Wachaguliwe watu watatu wa kuutunza, mmoja wao awe mwanamke, maana wake zetu na dada zetu ndio wanaojua mapema nyumba ipi haijawasha moto. Hesabu ibandikwe mahali pa wazi kila mwezi, mwenye kuchanga aone senti yake ilikokwenda.

Mkulima akipata malipo ya ufuta au korosho zake, atenge kidogo kabla pesa haijapata majina mengine. Mvuvi atenge fungu moja siku bahari inapokuwa njema. Asiye na pesa ana miguu: ampeleke mgonjwa Hospitali ya Kinyonga, akae naye mpaka ahudumiwe. Wazee wanaojua kuosha na kukafini wawafundishe vijana sasa, wa kike na wa kiume, wasingoje siku maiti imelala ndani. Kutoa ni moyo, wala si utajiri, na rafiki yetu alikufa akiwa na mtumbwi mmoja.

Tunaamini kwamba amali ya mtu hukatika akifa, isipokuwa sadaka yenye kuendelea, elimu yenye manufaa na mtoto mwema anayemwombea. Wanawe wanamwombea. Sadaka iendelee kwa mikono yetu, na thawabu Mungu amfikishie.

Ijumaa hii baada ya swala, na Jumapili baada ya ibada, msitawanyike. Kaeni, chagueni watu wenu watatu, anzeni kuchanga siku hiyohiyo.